Mshahara ukipanda, chipsi kuku ipande kwa shilingi ngapi? Hesabu ninayoipiga mkahawani kwangu

Nina mkahawa wa chipsi mtaa wa Amani, Unguja, si mbali na uwanja wa mpira. Meza sita, karai mbili za mafuta, jiko moja la mkaa la kuchomea kuku, na wafanyakazi wanne. Kabla ya kuufungua nilikuwa muajiriwa. Miaka saba niliosha vyombo, kisha nikapika, katika hoteli moja ya ufukweni upande wa mashariki. Mwaka mmoja kima cha chini kilipandishwa. Hoteli ile ikatupa nyongeza, na mwezi uliofuata ikatuondolea chakula cha mchana na gari ya kutuchukua. Nikawa napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na ya tumboni najinunulia. Nyongeza yote iliishia njiani. Nikaapa kwamba siku nikiajiri mtu, sitomfanyia hivyo.

Kwa hiyo Januari 2024, Rais Mwinyi alipotangaza kuwa kima cha chini cha sekta binafsi Zanzibar kitatoka 270,000 na kuwa 347,000 kuanzia 1 Aprili, nilifurahi kwa ajili ya vijana wangu, na usiku ule sikulala. Shilingi 77,000 kwa kila mtu, asilimia 28.5. Nitazitoa wapi?

Nimeandika haya kwa ajili ya wenye mikahawa midogo kama mimi, kwani lile swali litarudi kila mshahara utakapopanda, na mwaka ule nililijibu vibaya kabla ya kulijibu vizuri.

Kosa nililolianza nalo

Mtaani kila mtu alisema mamoja: mishahara imepanda robo na zaidi, basi na chakula kipande robo. Nikaamini. Baada ya Idi nilifuta ubao na kuongeza mia tano kwenye kila kitu. Chipsi kavu ikatoka 2,000 ikawa 2,500. Wale watoto wanaotoka tuisheni jioni, ambao huja wawili wawili wakachangia sahani moja, walisoma ubao, wakatazamana, wakaondoka. Siku ya pili hawakuja. Ilipofika siku ya tisa niliurudisha ubao kama ulivyokuwa, nikakaa na daftari. Nilipaswa kuanza na daftari.

Mshahara uliopanda kwa asilimia 28.5 haupandishi gharama ya sahani kwa asilimia 28.5. Unapandisha ile sehemu ya sahani iliyo mshahara, na hiyo peke yake. Mbatata haijapanda kwa sababu ya tangazo lile, mafuta hayajapanda, kuku hajapanda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ndani ya sahani moja mshahara ni shilingi ngapi.

Chagua miezi ya kawaida

Hapa pana mtego kwa sisi wa Unguja. Ukichukua mwezi wowote utakaokutana nao kwenye daftari, hesabu itakudanganya. Januari kwangu haifai kabisa: kuna Kombe la Mapinduzi, na Amani hujaa. Usiku ule Januari 2024 Mlandege ilipoifunga Simba kwenye fainali, mbatata ziliisha kabla watu hawajamaliza kutoka uwanjani. Machi na Aprili mwaka ule nazo hazifai. Mwezi mtukufu ulianza Machi, na Idi ikawa 10 Aprili, maana yake mshahara mpya ulianza kuhesabiwa ndani ya Ramadhani, wakati mchana tumefunga na tunauza baada ya futari tu. Ukipima mzigo wa mshahara kwa mwezi kama ule utaona mkahawa unazama, ukimbilie kupandisha bei kwa hofu. Na ukipima kwa Januari utaona huna tatizo lolote.

Mimi nilichukua Oktoba, Novemba na Februari. Siku za kazi 26 kwa mwezi. Kwa wastani nilikuwa nauza kwa siku sahani 60 za chipsi kavu kwa 2,000, sahani 30 za chipsi mayai kwa 3,500, na sahani 30 za chipsi kuku kwa 7,500. Jumla 450,000 kwa siku, yaani 11,700,000 kwa mwezi. Soda na juisi nimeziacha nje, zinajiuza zenyewe kutoka kwenye friji na haziniongezei mtu wa kazi.

Andika mishahara yote, usiishie kwenye ile ya chini

Watatu kati ya wafanyakazi wangu walikuwa wanapata 270,000. Mpishi alikuwa anapata 330,000, kwani yeye ndiye anayejua mafuta yakoje kwa kuyasikiliza tu. Jumla 1,140,000. Igawe kwa sahani 3,120 za mwezi mzima, unapata shilingi 365. Hiyo ndiyo sehemu ya watu wanne katika kila sahani iliyokuwa ikitoka jikoni kwangu. Kwa mauzo yote, haikufika hata shilingi kumi katika kila mia.

Sasa nyongeza. Watatu wanakwenda 347,000. Mpishi je? Sheria ingenitaka nimpandishe 17,000 tu afike 347,000. Lakini fikiria: mtu aliyekaa na jiko miaka mitano alipwe sawasawa na kijana aliyeanza kufuta meza mwezi uliopita? Angenyamaza, angefunga aproni yake, na baada ya wiki mbili ungemkuta kwenye jiko la mwenzangu. Nikampa 400,000. Wengi husahau hili wanapopiga hesabu. Kima cha chini kikisukuma kutoka chini, na waliokuwa juu kidogo lazima wasogee, ukitaka kubaki nao.

Jumla mpya ya mishahara ni 1,441,000, ongezeko la 301,000. Juu yake kuna mchango wa mwajiri wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Huo ni asilimia ya mshahara, kwa hiyo nao hupanda bila ya mtu kukutangazia. Nikajumlisha na vidogo vidogo vya namna hiyo, nikaizungusha kwa juu: 350,000 kwa mwezi.

Gawa 350,000 kwa sahani 3,120. Shilingi 112 kwa sahani.

Niliirudia hesabu mara tatu, nikamwita na mwanangu aliye skuli airudie. Mia na kumi na mbili. Kwa mauzo yote ni asilimia 3. Mimi nilikuwa nimewatoza wale watoto mia tano, robo nzima ya bei ya chipsi kavu, kwa gharama ya shilingi 112.

Wenzetu wa mbali waliona nini

Siku hiyohiyo ya 1 Aprili 2024, katika jimbo la California huko Marekani, wafanyakazi wa mikahawa ya vyakula vya haraka walipandishwa kutoka dola 16 hadi dola 20 kwa saa. Ilihusu makampuni ya mikahawa yenye matawi 60 au zaidi nchini kote. Nyongeza ya asilimia 25, inakaribiana na yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipofuatilia bei, katika ripoti yao ya kwanza waliona zimepanda kwa karibu asilimia 3.7, kama senti 15 kwa hamburger ya dola 4. Na huko mshahara hula sehemu kubwa ya mauzo kuliko kwangu, mara nyingi robo hadi theluthi. Nyuma zaidi, 1 Aprili 1992, jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05, na wachumi David Card na Alan Krueger wakaifananisha mikahawa ya huko na ya jirani yake Pennsylvania. Bei ya mlo ilipanda kwa kama asilimia 4 zaidi upande wa New Jersey, na ajira hawakuziona zikipungua.

Si wote wanaokubaliana. Watafiti wengine walioitazama California walisema ajira za mikahawa hiyo zilipungua kwa karibu asilimia 2.7 ukilinganisha na kwengineko, kama kazi 18,000. Nayataja yote mawili makusudi, maana mwenye mkahawa ana milango mitatu ya kutolea nyongeza: bei, faida yake, au mtu wa kazi. Mlango wa tatu mimi nimeufunga. Ukiwa na watu wanne, ukimwondoa mmoja, foleni inarefuka saa mbili usiku, wakati ndio watu wanatoka msikitini na wanataka kula.

Lakini hesabu za Marekani usizinakili kwenye ubao wako. Mbatata zetu na mafuta yetu huvuka bahari kabla ya kufika jikoni, na kila aliyezibeba ameshachukua chake. Ndiyo maana chakula chenyewe kinakula sehemu kubwa ya sahani yetu, na mshahara sehemu ndogo. Piga yako.

Shilingi 112 haipo mfukoni kwa mtu

Huwezi kuandika chipsi kavu 2,112. Hata 2,100 ni tabu, nusu ya usiku utaimaliza unatafuta chenji. Kwa hiyo usiigawe nyongeza kwa kila sahani. Itafutie sahani moja inayoweza kuibeba, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote.

Chipsi kavu haiwezi. Nje yangu, hatua ishirini, yupo bi mkubwa anayeuza urojo pamoja na binti yake. Badia, kachori, mbatata, chatne ya nazi, embe ikiwepo. Mbele kidogo kuna mzee na mwanawe wana karai moja ya chipsi. Hawa hawajaajiri mtu. Tangazo la mshahara halikuwagusa, na bei zao hazikuwa na sababu ya kupanda. Mtoto mwenye 2,000 akiniona nimepanda anakwenda kwao, na ana haki. Chipsi mayai nayo inauzwa kila kona kwa namna hiyohiyo.

Chipsi kuku ni tofauti. Kuchoma kuku kunataka mtu wa kusimama na mkaa, mtu wa kukata, mtu wa kuhudumia meza. Yeyote anayeuza kuku mtaani kwangu ana wafanyakazi, na mshahara wake umepanda kama wangu. Zaidi ya hapo, anayekula kuku wa 7,500 hawi yule anayehesabu mia tano iliyobaki ya daladala. Basi kanuni yangu ndiyo hiyo: nyongeza iweke kwenye kile ambacho mpinzani wako naye analipia mtu kukifanya.

Mia tano juu ya kuku, sahani 30, siku 26, ni 390,000. Inatosha kulipa 350,000. Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini hiyo ni iwapo hakuna hata mteja mmoja atakayeondoka.

Wahesabu watakaoondoka

Hapa ndipo unapohitaji kujua sahani ya kuku inakugharimu nini. Yangu ilikuwa hivi: robo kuku 3,200, mbatata 450, mafuta 600, mkaa na gesi 350, kachumbari, pilipili, tomato na kifungashio 400. Jumla 5,000. Nikiuza 7,500 inabaki 2,500 ya kulipa watu, kodi ya fremu, umeme, leseni, kisha mimi. Nikiuza 8,000 inabaki 3,000.

Sahani 30 kwa siku kwa bei ya zamani zilinibakishia 1,950,000 kwa mwezi. Nilihitaji zifike 2,300,000. Igawe kwa 3,000, kisha kwa siku 26, unapata sahani 29 na nusu kwa siku. Maana yake sikuwa na nafasi ya kumpoteza hata mteja mmoja wa kuku kwa siku. Wakibaki 29, napungukiwa 38,000. Wakibaki 28, napungukiwa 116,000.

Nikajiandaa kwa 28. Nikaanza kutafuta hiyo 116,000 mahali pengine, na mahali hapo palikuwa ndoo ya takataka. Kila usiku tulikuwa tunakaanga chipsi mapema ili foleni isichelewe, na tukifunga tunamwaga zilizopoa. Nikawaambia vijana wazipime kabla ya kuzimwaga. Kwa wiki nzima ilikuwa karibu kilo tatu za mbatata kila siku, kabla hata ya mafuta yaliyokaangia. Kilo tatu kwa 1,500 ni 4,500, kwa mwezi 117,000. Tulibadilisha: baada ya saa tatu usiku tunakaanga kwa oda tu. Mteja anasubiri dakika nane, anapata ya moto. Aliyelipendekeza jambo hilo ni mpishi, wiki ileile niliyomwambia mshahara wake mpya.

Usiyoyafanya

Usimpunguze kuku. Usikate robo ikawa kijirobo ukadhani watu hawaoni, watu wanaona kabla sahani haijagusa meza. Mafuta usiyaongezee siku: yakishakuwa meusi na kutoa moshi yamwage, hiyo ni afya ya watu. Na usimnyang'anye mfanyakazi kwa mkono mwengine. Kwangu wote wanakula kabla ya kuanza kazi, na waliokuwa wanapewa nauli ya usiku waliendelea kupewa. Tangazo la kima cha chini litafute ulisome lenyewe au uende Kamisheni ya Kazi wakueleze kada yako. Usitegemee ulichosikia barazani.

Siku ya kubadilisha ubao

Nilingoja mpaka Mei, siku za mwanzo za mwezi, watu wakiwa na mishahara yao mipya mfukoni. Nao ni wafanyakazi wa maduka, wa mahoteli, wa magereji. Ile 77,000 iliyonikosesha usingizi waliipata na wao. Wiki moja kabla nilibandika karatasi ukutani kwa maandishi makubwa: kuanzia tarehe fulani chipsi kuku itakuwa 8,000, kwa sababu mishahara ya wanaokuhudumia imepanda. Chipsi kavu na chipsi mayai bei ileile.

Mzee mmoja, mteja wangu wa kila Alhamisi, aliisoma karatasi akaniita. "Bi, hii mia tano ya nini?"

"Ya vijana hawa, ami."

Akawatazama, mmoja anapanga sahani, mwengine yuko kwenye mkaa. "Basi sawa. Lakini kuku asipungue."

Hakupungua. Mei ile wastani wa kuku ulishuka mpaka 28 kwa siku, kama nilivyoogopa, na mbatata zilizookolewa kwenye ndoo zikaziba pengo. Juni ilikuwa 29. Julai ilirudi 30, na watoto wa tuisheni walikuwa wamesharejea muda mrefu kwenye sahani yao ya 2,000. Kijana wa mezani, ambaye kabla yake nilikuwa nabadilisha mtu kila miezi minne na kila anayekuja anavunja na kuunguza mpaka ajifunze, bado ninaye.

Ya wauzaji wa juu yako

Kuna wimbi la pili, nalo huja kimyakimya. Anayekuuzia kuku ana wafanyakazi, na mwenye lori lililoleta mbatata ana utingo. Mishahara yao ikipanda, bei itakufikia baada ya miezi. Kosa ni kuipandisha sahani leo kwa gharama ambayo haijafika. Huko Bara wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi umepandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia 1 Januari 2026, na mbatata zangu zinatoka huko. Nilichofanya ni kufungua ukurasa mpya kwenye daftari na kuandika juu yake: mbatata, mafuta, kuku, mkaa. Kila Jumatatu naandika bei niliyonunulia. Bei ikikaa juu wiki nne mfululizo, naigawa kwa sahani kama nilivyoigawa mishahara. Ikishuka kabla ya hapo, ubao siugusi.